Mgongo wa Milcah

Nairobi ya miaka ile kanjo, yaani askari wa baraza la jiji, hakuwa mtu wa kusalimiwa. Akitokeza tu, wachuuzi mguu niponye, na mama wa mayai akaondoka na sufuria ingali moto. Milcah alikuwa amekula mshahara wa kazi hiyo ya kukimbizana kwa miaka mingi na, kusema kweli, alikuwa hodari. Kwa hiyo mwaka wa 2005 wakubwa walipounda kikosi kidogo cha walinzi wa jamii, cha kuwalinda watu wanaotoka kwenye mabaa na vilabu kando ya Ngong Road, na wakamtia Milcah humo, wenzake walicheka wakashika mbavu. Walimuuliza nani angekubali kulindwa na mtu aliyemkimbiza jana.

Milcah alinuna siku nzima, kisha akapiga moyo konde. Kazi angeifanya, na ingeonekana. Alipewa sweta ya kijani ya baraza, tochi na filimbi, akaambiwa rungu aliache ofisini. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Kati ya vilabu na steji ya matatu ya Adams Arcade kulikuwa na kichochoro cha giza totoro, ukuta upande huu, ua wa miiba ya kayaba upande ule, na hapo ndipo wezi walipowavizia wanawake waliotoka kazini: weita, wapishi, makeshia. Walinzi walitakiwa kuwasindikiza hadi kwenye taa za steji.

Jioni ya kwanza hakuna aliyetaka kusindikizwa. Ya pili, Milcah alimwona msichana akitoka mlango wa nyuma wa klabu na kuingia kichochoroni peke yake. Akamfuata, akimmulikia tochi aone anapokanyaga, wema mtupu. Msichana akageuka, akaona ile sweta ya kijani, akatimua mbio. Milcah naye, kwa mazoea mabaya ya miaka, akatoka mbio nyuma yake akipaza sauti kwamba asimame! Hapo ndipo alipoharibu. Msichana aliruka mtaro, akaanguka vibaya, na waliokuwa wamejibanza kwenye ua wakamvamia. Milcah alipofika walikuwa wametoweka na mkoba, simu na hata viatu. Msichana alikuwa chini, ameushika mkono wake uliovunjika, na jicho alilomtupia Milcah lilikuwa la mtu anayemtazama mwizi mwenyewe.

Jina lake lilikuwa Kui, na alikuwa keshia wa klabu ile. Jumapili baada ya kanisa, Milcah alienda Waithaka, alikoambiwa Kui anaishi, akauliza na kuuliza mpaka akaonyeshwa nyumba za kupanga zilizo nyuma ya kinu cha posho. Alikuwa amebeba mkate na maziwa, na aibu ambayo hakujua aiweke wapi. Kui alimpisha mlangoni kwa sababu mama yake alikuwepo, si kwa kupenda. Mama akawamiminia chai. Mama alipotoka kuanua nguo, Milcah aliomba msamaha, akasema nia yake ilikuwa kusaidia tu.

Kui aliweka kikombe chini. Akamsimulia kwamba mwaka uliotangulia kanjo walimshika kichochoroni humo humo, akitoka kazini, wakamrusha kwenye lori eti ni mzururaji. Alilala seli, na asubuhi kortini hakuna aliyetaka kumsikiliza. Milcah alitazama kikombe chake. Alijua vizuri mambo hayo yanavyoendeshwa. Askari wakiagizwa kujaza lori hawaulizi mtu anafanya kazi wapi. Wanatokeza ghafla, halafu wanaangalia nani anakimbia. Anayekimbia ndiye mzururaji. Somo hilo yeye mwenyewe alikuwa amewafundisha askari wapya, na lilimchoma sasa kuliko chai aliyoinywa.

“Sasa unataka nifanye nini?” akauliza.

Kui aliukuna mkono pembeni ya plasta. “Mathe, mtu akinifuata nyuma usiku, huyo ni mwizi ama ni kanjo. Hakuna wa tatu. Kama unataka kunisaidia, kaa mbele.”

“Mbele?”

“Mbele kabisa, nione mgongo yako. Siku utageuka, mimi huyo nimeenda.”

Jioni iliyofuata Milcah alisimama kwenye mlango wa nyuma wa klabu. Akatangaza kwamba anaenda steji, anayeenda huko amfuate, na kwamba yeye hatageuka. Kisha akawapa mgongo. Wee, si rahisi! Maisha yake yote ya kazi alikuwa ameiona migongo ya watu, wake hakuwahi kumpa mtu, na sasa kisogo kilimwasha kama aliyemwagiwa upupu. Alitembea hadi steji bila kusikia hatua moja nyuma yake. Akarudi, akatangaza tena, akatembea tena peke yake kama mwehu. Hakuacha. Jioni kadhaa zikapita hivyo, mpaka akasikia viatu vya visigino vikigonga mbali nyuma yake, vikisita, vikigonga tena. Moyo ulimruka kwa furaha, lakini hakugeuka.

Baada ya hapo viatu viliongezeka. Kui aliporudi kazini na plasta yake, msafara ulikuwa mrefu, na wanawake walikuwa wakipiga soga na kuuteta mwendo wa Milcah waziwazi, naye akisikia yote. Wezi waliona hapaliki, wakahama. Milcah hakuwahi kuipenda kazi ya kanjo hivyo.

Lakini kikosi kisichokamata mtu, machoni pa wakubwa wengine, ni kikosi kinacholala. Inspekta Mbuthia, aliyekuwa ameletwa karibuni kuwasimamia, alitaka kuona lori limejaa. Ijumaa moja Milcah alitokeza mwisho wa kichochoro, msafara nyuma yake, akalikuta lori la baraza limeziba njia, mlango wa nyuma uko wazi. Kando yake alisimama Gerishon, dereva waliyeanza kazi naye, pamoja na askari wenye marungu.

Gerishon alimsogelea kwa adabu, akamnong'oneza. Inspekta anataka wazururaji, na yeye Milcah amesaidia sana kuwaleta wote pamoja. Apishe tu pembeni. Akileta ubishi, unga wake umemwagika.

Nyuma yake hatua zilikoma zote. Milcah hakuhitaji kuangalia ili ajue wanawaza nini: kwamba jioni zote zile alikuwa akiwazoesha tu njia, kama ng'ombe wa kupelekwa dipu. Alikuwa na watoto wa shule, na mshahara ule ndio uliowasomesha. Lakini wakikimbia, wataitwa wazururaji, na watakaoponyoka watajivunja kwenye mtaro ule ule. Na akigeuka kuwaeleza, watakimbia.

Hakugeuka. “Nilisema nitakaa mbele,” akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa wa mwisho. “Niko mbele.” Akapanda lori. Akaketi akiwa ameelekea upande wa dereva, mgongo wake kwao.

Askari walishika marungu wakingoja mbio zianze. Kisha Milcah akasikia sauti ya Kui hapo chini, ikimwambia Gerishon, “Nishike huu mkono mzima, nipande.” Lori likatikisika. Akapanda weita, akapanda mpishi na mfuko wake wa sukumawiki, wakafuata wengine, wakibanana na kuulizana nani amekanyaga nani. Hakuna aliyekimbia, na askari waliojua kukamata wakimbiaji walibaki wakitazamana.

Gerishon alijishika kiuno. Akamwomba Milcah ashuke. Angemwambiaje mtu kwamba ameleta wazururaji waliojipandisha wenyewe, wakiongozwa na askari aliyevaa sweta ya baraza?

“Sishuki,” Milcah akasema. “Tupeleke kwa Mbuthia, ama utupeleke steji. Wewe ndiye dereva.”

Gerishon alifunga mlango wa nyuma, akapanda mbele, akawasha injini. Lori likapinda kuelekea kwenye taa za Adams Arcade, likasimama mahali matatu za Waithaka hujazia abiria, na Gerishon akashuka akaufungua mlango.

Milcah alijua Jumatatu angeitwa, na hakujua angerudi nyumbani na kazi au bila. Ila nyuma yake hapakuwa na mshindo wa viatu vinavyoshuka. Palikuwa na pumzi za watu wanaomngoja yeye. Ndipo alipogeuka, kwa mara ya kwanza, akawatazama nyuso zao, na hakuna aliyekimbia.