Alama ya Kiwiko

"Unajenga au unabomoa?" sauti iliuliza kutoka chini ya shuka.

Fundi Penseli alizima drili, akageuka. Mkewe alikuwa kwenye kiti cha magurudumu katikati ya chumba, amefunikwa gubigubi ili vumbi la ukuta lisimwingie puani. Mkono wa kulia tu ndio uliokuwa nje.

"Subiri, mama watoto. Tundu moja limebaki."

"Hilo tundu moja nalisikia tangu asubuhi."

Fundi alicheka, akaurudia ukuta. Mtaa mzima ulimwita Penseli kwa sababu ya penseli iliyokaa sikioni mwake siku zote. Hata kwenye picha ya harusi ipo, na mpaka leo mkewe hajamsamehe.

Ilikuwa Jumamosi. Kesho yake binti yao angekuja kumchukua mama. Hakuwa na ubaya, maskini; alikuwa na uchungu. Wiki iliyopita alijaribu kukigeuza kile kiti, kikagonga kitanda, kikagonga meza, kikakwama katikati. "Baba, humu hakigeuki," alisema. "Mama anashinda akitazama ukuta kama mtu aliyeadhibiwa. Jumapili nakuja na sanduku, nakwenda naye kwangu." Baba alijibu, "Tutaona." Kwa binti kulikuwa safari ya usiku kucha, na nafasi huko ilikuwa ya mtu mmoja tu.

Kilichokula chumba ni meza ya kukatia nguo. Mama alikuwa fundi nguo. Miaka thelathini alisimama kwenye meza ile, mkasi mkononi, pini mdomoni. Kisha kiharusi kikamwangusha, sasa mwezi wa tano, kikachukua mguu na mkono wa kushoto. Tangu hapo hakugusa mkasi. Kuitoa ile meza ilikuwa sawa na kumwambia kazi yako imekwisha. Kuiacha, anaondoka. Fundi alichora nyuma ya kalenda siku mbili, akafuta, akachora tena, mpaka likamjia: meza na ihamie ukutani.

Basi aliifumua. Zile mbao za juu aliziunga upya kuwa rafu ya kukunja, urefu futi nne, upana inchi thelathini. Nyuma aliitia bawaba tatu, akazikaza kwenye papi, ubao mwembamba uliofungwa ukutani. Chini aliweka mikono miwili ya kuegemeza, nayo ya bawaba. Ukiivuta mikono nje, ubao unalala juu yake. Ukiirudisha, ubao unashuka na kuning'inia ukutani, haujitokezi zaidi ya upana wa kiganja. Mikono ilipandana ilipokunjwa, akauranda mmoja mpaka ukapita nyuma ya mwenzake. Siku nzima ilikwenda kwenye bawaba peke yake, kuzichimbia vitanda vyake kwa patasi ili zilale sawa na mti.

Ukingo wa mbele hakuugusa. Ulikuwa na misumari midogo ya shaba, mmoja kila inchi, aliyoipigilia mwaka waliooana ili mkewe apime kitambaa bila kutafuta futi. Ilikuwa iking'aa kwa kupitiwa na vidole.

Kwenye suala la kimo, mzee alikuwa na sheria yake. Meza hupimwa kwa mwenye meza: mtu anakuja mwenyewe, anakunja kiwiko, Fundi anapiga mstari na kushuka kidogo. Vijana waliojifunza kwake mpaka leo humwigiza sauti: "Usimpime mtu ambaye hayupo!" Kuna bwana mmoja alimfukuza kabisa, eti anataka meza ya kumshtukiza mkewe. Na kwenye fremu ya mlango wa chumba hiki palikuwa na mstari wa kiwiko cha mama na tarehe yake, tangu alipomtengenezea meza ile. Kimo cha rafu alikitoa hapo, wala hakufikiri mara mbili.

Alikaza skrubu ya mwisho, akaweka pimamaji, povu likatulia katikati.

"Haya, funga macho."

Alimvua shuka, akamsukuma mpaka kwenye rafu. Mama alifumbua macho. Ukingo ulikuwa umemfika kwapani. Aliinua mkono wa kulia, akaugandamiza juu ya ubao, bega likampanda mpaka sikioni, kama mtoto aliyekalishwa kwenye meza ya wakubwa. Vidole vilipapasa misumari ya shaba, vikaacha.

"Ni kimo chako kile kile," Fundi alisema haraka. "Nimekitoa mlangoni."

Mama alitazama mlangoni, kisha akamtazama yeye. Siku hizi aliongea polepole, kila neno akilisubiri.

"Mume wangu, umempima nani?"

"Nimekupima wewe."

"Mimi niko hapa."

"Ukianza kusimama... yule daktari wa mazoezi si alisema..."

"Alisema huenda."

"Basi huenda!" Sauti ilimpanda mzee. "Unataka niishushe? Nikiishusha nitakuwa nimekukalisha mimi, kwa mikono yangu hii!"

Alishtuka kujisikia akisema hivyo. Miezi mitano alikuwa amelimeza neno hilo.

"Nimeshakaa, baba watoto," mama alisema. "Si wewe uliyenikalisha. Siku nikisimama, utaipandisha. Ukuta hauna miguu. Lakini mwanao anakuja kesho."

Fundi alitoka akaenda uani, akafungua bomba, akanawa uso usio na uchafu. Alilia, jamani, mzee mzima, na bomba akaliacha wazi ili asisikike. Aliporudi alikuwa na penseli mkononi. Alimsogeza mkewe mpaka kwenye fremu ya mlango, akapiga magoti kando ya kiti.

"Kunja kiwiko."

Aliukunja. Fundi alipiga mstari, chini sana ya ule wa zamani, akataka kuinuka.

"Tarehe," mama alisema.

"Haina haja."

"Ule wa juu uliuandikia."

Aliandika. Mwandiko ulikuwa mbaya, na penseli aliichonga jana tu.

Kumbe shughuli ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Kwa kimo kipya, ubao ukikunjwa ungegota sakafuni. Lazima inchi nne zitoke. Mbele pangekatika kwa dakika tano, lakini mbele ndiko kwenye misumari. Fundi aliziangalia bawaba zake, zile zilizomla siku nzima, akazifungua moja moja. Alikata nyuma. Mama aliegemeza mkono wake mzima kwenye ncha ya ubao ili usitetemeke, na unga wa mbao ukamjaa mapajani. Mzee alichimba vitanda vipya vya bawaba, akalishusha papi kwenye matundu mapya, mpaka jua likazama.

Binti alifika Jumapili kabla ya adhuhuri, akatua sanduku mlangoni. Lilikuwa jepesi, halina kitu.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja wakati wake," mama alisema bila kugeuka. "Shika hapa."

Rafu ilikuwa imefunguliwa, magoti ya mama yakiwa chini yake. Juu kilitandazwa kitambaa cha bluu, upande mmoja umekandamizwa kwa pasi ya zamani, lakini upande wa pili ulikuwa ukiteleza. Binti alishika. Mkasi ulianza kwa kusitasita, ukapinda, mama akasonya, akaurudisha kwenye chaki. Kisha ukashika njia. Haukusimama mpaka ulipotokea upande wa pili.

"Baba watoto, kunja."

Binti alikivuta kiti nyuma, Fundi akaondoa kitambaa na pasi, akaisukuma mikono, ubao ukashuka ukutani. Mama alilisukuma gurudumu la kulia kwa mkono wake mmoja, na kwa kuwa ulikuwa mmoja, kiti kikazunguka palepale, mzunguko mzima. Hakikugonga kitanda wala ukuta. Akakizungusha tena nusu, akakisimamisha kikitazama mlango. Katikati ya mlango palikuwa na sanduku.

Binti alilitazama. Machozi yalimlengalenga. Alikwenda akalinyanyua, akaliweka nje.

"Pita, mama," alisema.

Binti aliporudi ndani, macho yake yalipanda ukutani, juu ya rafu, kwenye mstari wa matundu matupu ya kimo cha zamani.

"Baba, haya hujayaziba?"

"Nitayaziba," Fundi alisema, akachukua ufagio.

Simenti ya kuyazibia, aliyoikoroga asubuhi, ilikuwa imeshakauka koponi, mwiko umesimama ndani yake.