Mikono ya Blauzi

Mwisho wa kuchagua ulikuwa jioni ile, na dada yangu alikuwa ameilaza simu ya binti yake katikati ya meza, tukiizunguka kama mgonjwa.

Chuo kilimpa mpwa wangu njia mbili. Achukue shahada ya sanaa ya jumla, asome historia, fasihi, falsafa na lolote litakalomvuta. Au achukue historia peke yake, mwanzo hadi mwisho. Yeye roho yake ilikuwa kwenye ile ya jumla. Mama yake alitaka historia, na sababu yake ilikuwa imeketi palepale ikinywa chai: mimi.

"Mtazame mjomba wako," dada alisema, wala hakupunguza sauti. "Kapaka rangi nyumba za watu, kauza mitumba, kaendesha trekta, kashona, kafundisha watoto kusoma na yeye mwenyewe shule kaishia njiani. Mtaani wanamwita Viraka. Hebu muulize fani yake ni ipi."

"Dada, nipo hapahapa."

"Kwani nimesema hupo? Wiki ijayo ndiyo hutakuwepo, utakuwa umehamia mji mwingine kama kawaida yako."

Mpwa wangu akacheka, kisha akauma mdomo.

Dada ni fundi wa kola. Katika kiwanda chao cha sare kila fundi ana kipande chake; huyu mifuko, yule mikono, mwingine vifungo. Yeye ameshona kola tangu binti huyu anabebwa mgongoni. Wenzake wengi wamepunguzwa, yeye bado yupo, na ndiyo maana anaamini anachokiamini.

Aliinuka akaleta mfuko. "Nilitaka nikupe ukishachagua. Lakini haya, vaa. Ya kwendea chuo. Nimeshona mwenyewe, yote."

Ilikuwa blauzi nyeupe. Binti akaivaa juu ya fulana yake. Kola ilimkaa shingoni kama imeota pale. Ila aliponyoosha mikono aichukue simu, kitambaa kilimvuta mabega nyuma. Akajaribu tena, pole pole. Nikaona tatizo: mkono wa kulia ulikuwa umeshonwa kushoto, na wa kushoto kulia.

Mtoto akaketi amekakamaa. "Imenikaa vizuri, mama. Asante."

"Muongo." Vidole vya dada vilikuwa tayari vinapapasa bega, mshono, kwapa. "Viraka, wewe umewahi kushona. Nimekosea wapi?"

"Mikono. Umeibadilisha."

Akarudi kwenye kiti chake taratibu. Hakuna aliyegusa chai.

"Mjomba, unaweza kuitengeneza?" mpwa wangu aliuliza.

"Naweza kuifumua na kuishona upya. Lakini haitakaa kama hiyo kola. Mikono ninayoshona mimi hufura begani."

"Na unajuta? Kuwa hivyo, huku kidogo na kule kidogo?"

Dada alinikazia macho. Alitaka niseme ndiyo, na pengine ningesema ili nyumba itulie. Lakini mtoto aliuliza kweli.

"Kazi haijawahi kunichosha," nikasema. "Ila sijawahi kufika mahali nikakuta mtu ananingoja."

"Mimi nakungoja!" Dada alipiga meza, vikombe vikaruka. "Kila mara! Kile kitanda unadhani nani hukitandika? Nasikia mlango wa jirani, nasimama. Mmoja ananitosha. Siwezi kungoja wawili."

Sasa tulijua ni nini kilichokuwa mezani.

Mpwa wangu akaivua blauzi, akaikunja vizuri, kola juu. Akaichukua simu. Akachagua ya jumla, machozi yakimdondoka kwenye kioo, akafuta kwa kidole na kubonyeza tena.

"Nitarudi, mama."

"Na huyu husema hivyohivyo."

Dada alitafuta wembe kwenye kopo lake la sindano, akaanza kufumua mshono wa bega.

"Shika hapa," aliniambia bila kuinua uso. "Na huondoki mpaka mikono hii ikae."

Nilishika. Sikuahidi kitu.