Vidonge Vinne Shavuni

Usiku wa jana niliota vidonge vinne vimekaa juu ya meza ya jikoni kwangu, vikinisubiri nimalize kuosha vyombo.

Nilivijua. Ni vile nilivyopewa juzi na Sista Mghoi wa zahanati, baada ya kunimezesha cha kwanza mbele yake kwa glasi ya maji. Kile cha kwanza hakikunifanya lolote ila kichefuchefu kidogo, nikatoka pale nikijiona shujaa. Hivi vinne ndivyo vya kazi yenyewe, ya kufanyia nyumbani. Mimba ilikuwa ya wiki saba. Iliyotangulia ilinitia kifafa, nikalazwa hospitali silijui hata jina langu, na daktari alisema wazi kwamba mwili huu usijaribiwe tena. Mume wangu Mbwana alikubali kabla sijamaliza kusema, kisha akapanda lori lake akaenda Kampala, maana yeye akiona damu ya kuku hutafuta pa kukaa.

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Mavyaa wangu, Bi. Mwanatumu, mama yake Mbwana, ambaye tunakaa naye nyumba moja, angeshinda harusini Likoni Jumamosi, na watoto angekwenda nao. Akitoka tu naweka vidonge, najilaza, na akirudi jioni anakuta mboga iko tayari. Sista Mghoi alikuwa amesisitiza niwe na mtu mzima karibu. Nilimwitikia, kwa kuwa kuitikia hakuna gharama.

Mimi ndivyo nilivyo. Jino langu likiuma, wa kwanza kujua ni jino na wa mwisho pia. Mtaani kwetu mgonjwa akishajulikana, jioni nyumba imejaa, kila mtu na chupa yake ya chai na dawa iliyomponya shangazi yake. Nilitaka mambo yangu yapite kimya. Na niliogopa sana, lakini hilo sikumwambia yeyote.

"Umechelewa," kidonge kimoja kikaniambia.

Nikakijibu kwamba mavyaa hajatoka. Vikatazamana. Kisha vikaruka vyenyewe hadi kinywani mwangu, viwili shavu la kulia na viwili shavu la kushoto, na nasikia vinatandika mikeka. Vinaomba radhi kwa usumbufu. Vinasema vitakaa nusu saa, nisiviteme wala nisivimeze mapema, vina mazungumzo.

Ladha yake ni ya chaki. Mazungumzo yenyewe yalikuwa juu ya bei ya mkaa. Nilikuwa na mengi ya kuchangia lakini kinywa si changu. Hiyo ndiyo nusu saa ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa kimya tangu niolewe, na Mbwana hakuwepo kushuhudia.

Muda ulipoisha vikakunja mikeka, vikaagiza maji, vikateremka nayo vikinishukuru kwa mapokezi.

Nikageuka kuiweka glasi kwenye sinki. Sinki halipo. Niko katika ofisi kubwa yenye mizani, na nyuma ya kaunta limeketi limau lililovaa tai.

"Mimi ndiye kipimo," likasema. "Mabonge yanaletwa hapa."

Nikauliza mabonge ya nini. Limau likanitazama kwa subira ya mtu anayelipwa kwa mwezi. Likasema damu itakuja, nayo itakuwa nyingi kuliko hedhi niliyoizoea, tena itakuwa na mabonge. Bonge likiwa dogo kuliko limau, naruhusiwa kwenda zangu. Yakianza kulizidi limau na yakaendelea hivyo, napiga simu zahanati. Nyuma yangu ndimu moja ilikuwa ikilalamika kwamba yenyewe ingefaa zaidi, ikatolewa nje.

"Na isipokuja kabisa?" nikauliza.

"Mpaka kesho kama hujaona damu, hiyo nayo ni simu," likasema limau, likagonga muhuri kwenye kiganja changu.

Damu ikaja. Limau halikushtuka hata kidogo, na kwa sababu halikushtuka, mimi pia nikashindwa kushtuka. Nikatafuta choo. Mlangoni pa choo wamesimama walinzi wawili weupe, wanene, wamevaa mikanda. Ni pedi, zile kubwa za wazazi.

Waliniambia kazi yao. Wakijaa wote wawili, chapa chapa, ndani ya saa moja, watanyamaza. Saa ya pili ikiwa hivyo tena, watapuliza filimbi na safari ni ya hospitali, hakuna kusema tungoje kidogo. Nikauliza kama hilo hutokea sana.

"Si sana," mmoja akajibu. "Kazi yetu hasa ni kukaa."

Nikajiona nimepona kabla sijaugua. Ndipo wakaja wanawake wawili wa kufua.

Hawakubisha hodi. Waliingia tumboni mwangu na shuka la kitanda kikubwa, mmoja akashika ncha hii, wa pili akashika ile, wakaanza kulikamua. Wakikamua, napinda. Wakipumzika, wanasengenya majirani, tena majirani ninaowajua. Nikawauliza watamaliza lini. Wakasema likishakauka.

"Dawa ya maumivu umekunywa?" mmoja akaniuliza.

Nikamjibu kwa fahari kwamba nimezaa watoto watatu bila hata panadoli. Wakatazamana.

"Hapa hakuna anayegawa medali," akasema, wakaendelea kukamua.

Baridi akafuata, akanigonganisha meno, na nyuma yake Homa amejifunika koti. Walinzi wangu waliwasimamisha wote wawili wakawahoji. Wakawaruhusu waingie kwa leo tu, kwa vile wao ni wageni wa kawaida wa dawa hii, pamoja na binamu yao Kuhara. Homa akaonywa kwamba akikutwa bado yuko ndani kesho, sista atapigiwa simu. Akasema amesikia.

Natoka chooni, na hapo mlangoni nakikuta kiti cha plastiki cha bluu. Nikaenda sebuleni, kikanifuata. Sebule ilikuwa imehamia juu ya kivuko cha Likoni na abiria walikuwa wakipita katikati ya makochi yangu, lakini kiti hakikujali.

"Mimi ni lile sharti la sista," kikasema. "Naomba mtu."

Nikaweka juu yake picha ya Mbwana, ile ya harusi. Kiti kikasema huyu yuko Kampala. Nikaweka mfuko wa unga wa kilo mbili, nikaufunga kitambaa kichwani. Kikasema huyu hawezi kupiga simu. Nikauwekea unga simu yangu pembeni. Kiti kikafikiri kwa muda mrefu, nami nikaanza kutabasamu.

"Chaji asilimia tatu," kikasema.

Nikakikasirikia. Nikakiambia mimi si mtoto, sina haja ya kutazamwa. Nikakiambia mavyaa wangu akijua ataniuliza kwa nini, na mimi sina nguvu ya kuulizwa kwa nini. Atanifunga tumbo kwa leso, atanikanda, atanitia ndani siku arubaini kama mzazi, na mtaa mzima utakuja kunitazama. Wafuaji wakakamua mara moja, kwa nguvu, na nikasema kitu ambacho sikukusudia kukisema.

"Naogopa kufa peke yangu humu ndani," nikakiambia kiti.

Hapo hapo mlango ukafunguka. Bi. Mwanatumu yuleee, na nyuma yake foleni ya vikongwe arubaini, kila mmoja ana sufuria ya uji.

"Hawa ni Arubaini," akasema mavyaa. "Nimewakuta nje. Wasema waja kukaa."

Nikawaambia haikuwa uzazi, hawahitajiki. Wakasema wamekwisha lipa nauli. Wakaanza kuchagua pa kulala, wa kwanza akiuliza upande wa kibla, wa thelathini na mbili akilalamikia feni. Sijui ningefanyaje kama mlango wa friji usingefunguka akatoka Sista Mghoi, amejikunja kidogo kwa ajili ya rafu.

Sista akawapanga mstari. Akasema leo ndiyo siku nzito, baada ya hapo damu hupungua, ikawa ya kudondoka dondoka, wiki moja hata mbili. Kwa hiyo kumi na nne wa mwanzo wabaki, wengine warudi kwao, na uji waache. Wakanung'unika hadi nje. Yule wa thelathini na mbili akarudi kuzima feni.

Kisha sista akanigeukia. Nisikimbilie kipimo cha mkojo, akasema, kitanidanganya wiki kadhaa kuwa mimba ipo. Nikitoa harufu mbaya au tumbo likiuma bila kupoa, nisingoje. Na mimba nyingine inaweza kuingia mapema, hata kabla ya hedhi kurudi.

"Mwambie na Mbwana," akasema, akarudi kwenye friji na kufunga mlango. Taa ya ndani ikazimika.

Nikabaki na mavyaa, na kiti. Bi. Mwanatumu akakitazama kiti, akaushusha mfuko wa unga, akakipangusa kiti vumbi, akakaa. Kiti kikashusha pumzi.

Nikamngoja aulize kwa nini. Hakuuliza.

"Umejuaje, Mama?" nikamwuliza mimi.

"Riziki, mwanangu, nyumba moja mimi nawe miaka yote hii," akasema. "Wadhani sijui waenda kutapika wapi?"

Vidonge havikuwepo tena kinywani, lakini nikanyamaza.

Akaniambia mimba yake ya pili ilitoka yenyewe, Mbwana akiwa bado ananyonya, na yeye akakaa nyuma ya mlango ameiuma leso asisikike. Mavyaa wake alikuwa chumba cha pili akichambua mchele. Hakujua mpaka anakufa. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayeagiza kitunguu. Wafuaji tumboni waliacha kukamua wakasikiliza.

"Sasa, wataka kulia?" akaniuliza.

Nikasema sijui. Sikujua kweli. Nilikuwa na huzuni kidogo, na nafuu kubwa, na njaa.

"Basi. Kuna walilao, kuna walalao, kuna waombao biriani. Yote ni sawa."

Akaishika ncha ya leso niliyojifunga, akatia kitu, akafunga fundo. Fundo lake nalijua, huzungusha mara mbili kisha hukaza kwa meno. Nikamwuliza ametia nini. Akasema mimi mjeuri, na mjeuri hapewi dawa mkononi, hufungiwa. Limau likapita dirishani, limeivua tai yake, linakwenda nyumbani. Nikaliaga.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia chumbani. Vidonge vinne vilikuwa kwenye pakiti yake chini ya mto, kimya, kama vidonge vya watu wengine. Tumbo lilikuwa shwari. Hakuna kilichokuwa kimeanza. Nikacheka peke yangu kwa sababu ya wale vikongwe, kisha woga ukanirudia, ule ule, nikaketi kitandani kusikiliza kama mavyaa ameshaondoka.

Leso yangu ilikuwa nzito upande mmoja. Nikaivuta ncha. Ilikuwa na fundo.

Nililala nayo ikiwa haina fundo, nina hakika, maana niliikunjua nikaikung'uta mwenyewe. Nikajaribu kulifungua kwa kucha, likagoma. Limezungushwa mara mbili. Nikalifungua kwa meno. Ndani mlikuwa na vidonge viwili vya maumivu, vile ambavyo Sista Mghoi aliniambia ninunue na mimi nikampita mwuza dawa nimeinua shingo.

Nikatoka hadi ukumbini. Bi. Mwanatumu alikuwa ameketi sakafuni na gauni lake la kushindia, kichwa wazi, hana hata hina kidoleni. Watoto hawakuwepo. Akasema wamekwenda harusini na wifi yangu tangu asubuhi.

"Na wewe, Mama?"

"Goti laniuma," akasema, bila kunitazama.

Goti la mavyaa huuma anapotaka yeye. Nilisimama pale na leso mkononi, sijui nianzie wapi. Nikaanza kusema kwamba daktari, kwamba ile mimba ya mwisho, kwamba Mbwana anajua. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Sikuuliza," akasema. "Kwani nimeuliza?"

Akainuka bila kushika goti lolote, akaenda jikoni, akarudi na glasi ya maji na chupa ya maji moto aliyoifunga taulo. Akasimama mlangoni pa chumba changu akaniuliza alale upande gani, kwa sababu yeye mgongo wake hauwezi kukaa kutwa.

Ukitoa hilo fundo, miaka yote ya ndoa yangu hajawahi kuingia humo bila kubisha, na mimi sijawahi kumkaribisha.

"Ukutani kwaniumiza," nikamwambia. "Lala wewe ukutani, Mama."

Akapanda, akanigusa na miguu yake ya baridi, nami nikaweka vidonge vinne shavuni.