Koo Likikusumbua

Ugonjwa wangu uliitwa tezi ya koo, na jina hilo ndilo lililotaka kuniua.

Tezi ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. Moyo ulinienda mbio hata nikiwa nimekaa, jasho lilinitoka wenzangu wakiwa wamevaa masweta, na mkono ulitetemeka. Mimi huandika mabango ya maduka kwa brashi. Mteja mmoja alisimama mbele ya neno BUCHA nililomwandikia, akauliza kama nyama yenyewe bado inakimbia. Nilimfukuza. Nilikuwa nafukuza watu sana siku hizo.

Nikapewa vidonge vya kuituliza tezi. Vilifanya kazi, nisiseme uongo. Mkono ulitulia, sketi zikaanza kunikaa tena kiunoni, na mume wangu akaacha kuingia nyumbani kwa kunyata. Daktari aliyenipa alikuwa na foleni hadi nje, akaniaga huku akimwita mgonjwa mwingine: "Koo likikusumbua, au ukipata homa, usisubiri."

Basi koo likaanza kunisumbua. Kumeza mate tu ilikuwa adhabu. Halafu mwili ukachemka.

Mume wangu ni fundi wa friji. "Si tezi hiyo?" alisema. "Joto limerudi, koo linauma. Dawa imezidiwa."

"Twende tukaulize basi."

"Daktari mwenyewe kasema usisubiri. Friji ikianza kupata joto, mimi huongeza gesi."

"Kwa hiyo mimi friji?"

"Friji haina mdomo kama wako." Akanipa kidonge cha pili juu ya kile nilichokwisha kumeza.

Nilicheka, nikameza. Tukaendelea hivyo. Kila nilivyozidi kuumwa ndivyo tulivyoona tezi inazidi kiburi, na sisi tukakazana nayo. Midomo ikatoka vidonda. Nikaanza kukwepa kioo, maana niliogopa, na sikutaka mume wangu aone kwamba naogopa.

Vidonge vikaisha kabla ya wakati. Kwenye dirisha la dawa muuguzi akauliza vimekwenda wapi. Nikamweleza kwa sauti iliyokauka, nikitumaini atanipa vyenye nguvu zaidi. Akaacha kuandika, akatoka nje, akanigusa paji la uso.

"Dada, usimeze tena hata kimoja," alisema. Akanishika mkono hadi maabara, akanipitisha mbele ya watu wote, na hakuna aliyenung'unika. Hapo roho ikaniruka. Watu wa foleni hawakuachii nafasi bure.

Mume wangu alikuja na ovaroli yake ya kazi. Tulikaa kwenye benchi kusubiri majibu ya damu, mguu wake ukigonga sakafu bila kukoma. Safari hii daktari alikuja mwenyewe. Alisema dawa ile, kwa watu wachache sana, humaliza chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi. Koo kuuma na homa ndizo dalili zake. Si tezi iliyokuwa inaniuma, ni dawa. Chembe zangu zilibaki za kuhesabika. Nitalazwa chumba cha peke yangu, nichomwe sindano za kuua vijidudu, na homa ikishuka, vizuri. Isiposhuka, hakumalizia.

"Nani alikwambia uongeze?" akauliza.

Mume wangu alifungua mdomo. Nikamwahi.

"Kichwa changu mwenyewe," nilisema.

Daktari akatikisa kichwa, akaenda. Mume wangu akainama, machozi yakamdondokea kwenye viatu. Mlangoni pa chumba nilicholazwa, alipozuiwa kuingia, alianza, "Mke wangu, mimi ndiye..."

"Si sasa," nikamkatiza.

Msidhani ulikuwa upole. Nilikuwa na ugomvi naye, mrefu na wa kelele, na sikutaka daktari aumalize kwa niaba yangu. Nilitaka niufanye mwenyewe, nyumbani kwangu, nikiwa na sauti. Muuguzi akanipa kipimajoto. Nikakibana kwapani kwa nguvu zote, nikamwomba Mungu anipe siku ya kugombana na mume wangu.