Chupa Kwenye Kaburi la Loro

Mwaka waliporudi kwao Koboko, Uganda, kutoka ukimbizini, Rosa Kiden alimpoteza mwanawe Loro kwa ugonjwa wa kuhara. Tangu hapo akayakataa kabisa maji ya kisima. Mumewe Pitia, dereva wa lori, hakubishana naye. Kila alipotoka mjini Arua alishusha katoni za maji ya chupa, na binti yao Viktoria hakunywa maji mengine.

Chupa tupu zilitupwa nyuma ya nyumba. Chache zilitiwa mafuta ya taa. Nyingine Pitia alizichoma, mpaka majirani wakalalamikia moshi. Zilizobaki zikawa lundo.

"Kiden, chemsha maji, weka kwa mtungi," mama mkwe wake, Ayikoru, alimwambia. "Sisi wote tunakunywa hiyo."

"Mama, Loro pia alikunywa hiyo."



Mwezi wa nane mvua ilinyesha mchana kutwa. Ilipokatika, Rosa alitoka akakuta lundo limepungua. Maji yalikuwa yameziburuta chupa hadi chini ya mteremko, alikozikwa Loro. Zilikwama kwenye mawe ya kaburi, zimejaa tope. Alipiga magoti, akaanza kuziokota. Moja alipoivuta ilitoka na udongo wa kaburi. Hapo akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukitoa hata siku ya maziko.

Ayikoru alimkuta pale. Naye akainama, wakaokota pamoja.

"Mama, mimi ndiye nilimpa ile maji. Na mkono yangu."

"Sisi wote tulimpa, mwanangu. Kuni ilikuwa hakuna, hatukuchemsha. Ilikuwa hivyo tu."

Jioni hiyo Rosa aliteka maji kisimani, akayachemsha mpaka yakatokota vizuri, akayaacha yapoe, akayamimina mtungini. Alikunywa yeye kwanza. Viktoria alimpa kesho yake, alipoona yeye mwenyewe hajaugua.

Pitia aliporudi na katoni begani, Rosa alimpokea mlangoni.

"Hiyo iwe ya mwisho. Usilete tena."

Pitia aliutazama mtungi. "Wewe iko na hakika?"

"Hapana," Rosa alisema. "Lakini nitachemsha."

Lundo halikuongezeka tena. Ila kila Viktoria alipoinua kikombe, Rosa aliacha kazi iliyokuwa mkononi, akamtazama mpaka amalize.