Tundu Kwenye Gazeti

Dunia nzima ilikuwa imeshasoma ripoti za siri za ubalozi zilizovuja, isipokuwa Lenora Haskins, aliyeandika baadhi yake. Ndiyo sheria ya wizara ya mambo ya nje pale Washington: hata siri ikitapakaa magazetini, kwa mtumishi bado ni siri. Ukiisoma, kazi huna. Upuuzi mtupu! Lakini Lenora alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, kwa hiyo akafumba macho.

Kilichomnyima raha ni Mzee Radomir. Miaka kumi na minane nyuma, Radomir akiwa waziri kwao na Lenora akiwa afisa wa ubalozi wa Marekani huko, Lenora aliripoti kwamba waziri huyo husinzia vikaoni. Hilo alilikumbuka vizuri. Mengine yalishamtoka kichwani. Jina lililowekwa chini ya ripoti lilikuwa la balozi, kama kawaida, lakini Radomir si mjinga, angejua nani aliandika. Na sasa mzee alikuwa amehamia Marekani, akiishi mtaa wa pili. Tangu Lenora afiwe na mumewe, huyu ndiye rafiki aliyebaki, na kila Jumamosi ya kiangazi walikula kaa wa baharini pamoja.

Jumamosi hiyo alikwenda roho mkononi. Alimkuta Radomir uani akitandika magazeti mezani, maana kaa hawaliwi juu ya kitambaa.

"Karibu, mpelelezi!"

Lenora alibaki amesimama. "Mzee wangu, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nilikuwa nasinzia kweli! Vikao vile, hata wewe ungekoroma. Hebu keti."

Akaketi, uso juu, asije akaona asichoruhusiwa kusoma kwenye magazeti yale. Radomir alicheka mpaka akakohoa.

"Tazama tu, mama. Hufukuzwi."

Akatazama. Katikati ya ukurasa palikuwa na tundu la mraba lililokatwa kwa mkasi, mbao za meza zikionekana.

"Kipande kiko wapi?"

"Ukutani, kwenye fremu. Wajukuu wote wamekisoma." Akamsogezea nyundo ya kuvunjia kaa. "Kwani hukumbuki ulichoandika baada ya habari za usingizi?"

"Sikumbuki. Na usiniambie!"

"Uliandika kwamba katika serikali yetu nzima, mimi pekee ndiye..."

"We mzee!" Lenora akaziba masikio kwa viganja, akaimba kwa nguvu wimbo wa kanisani. Midomo ya Radomir iliendelea kwenda, polepole, kama mtu aliyekariri. Machozi yalimlengalenga mzee.

Midomo iliponyamaza, Lenora alishusha mikono.

"Kwetu hakuna aliyewahi kusema jema kama hilo juu yangu," alisema mzee. "Hata siku moja."

Lenora alichagua kaa mnene kuliko wote, akamwekea juu ya lile tundu.