Fundi wa Jumamosi

Kalasinga asiyejua kushika spana ni kama Mluhya asiyekula kuku: pengine yupo, lakini habari zake hazijanifikia. Mimi ni Mluhya na kuku namla, kwa hiyo nilikuwa na imani siku nilipopiga simu Loresho kuulizia skuta.

Tangazo gazetini lilikuwa dogo kama stempu. Skuta kubwa ya Kijapani, ya safari na ya mjini, mwenyewe anahama. Mwenyewe alikuwa Mzee Mohinder. Aliniuliza mimi ni nani, nikamwambia naitwa Joash, ni fundi, niko River Road. Akasema kwamba fundi ndiye hasa aliyekuwa akimngoja. Sikuona ajabu. Kule kwetu dukani anayechapa kadi za harusi ni fundi, anayekata karatasi ni fundi, hata anayechemsha chai, siku akiipatia, huitwa fundi.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu matatu zivalishwe mstari wa manjano. Siku hizo pikipiki mjini ilikuwa ya tarishi, askari na padri. Skuta kubwa vile hakuna aliyeitaka, ndiyo maana bei yake mtu kama mimi aliweza kuitazama bila kufumba macho. Mimi niliitaka. Nilikaa Kangemi, chumba kimoja. Binamu yangu niliyekuwa nikiishi naye alikuwa ameoa akahama, na kadi nilimchapia mwenyewe. Niliwahi kuchapa harusi za nusu ya Nairobi na pilau nikaisikia kwa harufu tu. Dada yangu Nakhumicha, aliye Kimilili, alikuwa akiniambia watoto wake wananijua kama sauti ya simu. Nikasema, hii skuta itanipeleka kazini wiki nzima, na Desemba itanipeleka Kimilili nikawaonyeshe kwamba sauti ina miguu.

Mtu haendi kununua kitu cha mkono wa pili akiwa peke yake. Unakwenda na mwenzako. Wewe unatabasamu, yeye anakosoa, bei inashuka. Nilipofikiria nimchukue nani Jumamosi ile, nilipitia majina yote kwenye simu nikaona ni afadhali nitabasamu na kukosoa mwenyewe.

Langoni nilimkuta Oyoo, bawabu, akiongea Kijaluo na mtu aliyekuwa ndani ya ua. Nikadhani ni mtunza bustani. Kumbe ni Mzee Mohinder mwenyewe, mrefu, ndevu nyeupe, kilemba cha rangi ya mawingu, goti moja limefungwa bandeji. Alizaliwa Kisumu. Kijaluo chake kilikuwa kizuri kuliko Kibukusu changu cha nyumbani.

Skuta ilikuwa imefunikwa shuka la maua. Alipolifunua nilisahau maneno yote niliyojiandalia. Ilikuwa pana kama sofa, kiti cha ngazi mbili, dereva chini, abiria juu kidogo kama mgeni wa heshima. Chini ya kiti kulikuwa na nafasi ya kumeza kapu la sokoni. Humo ndani kulikuwa na helmeti moja ya buluu. Mzee alisema ni ya marehemu mkewe, Ravneet. Walikuwa wakienda wote Naivasha, Kericho, hadi Kisumu, yeye na kilemba chake na mkewe na helmeti, ili, kama Ravneet alivyopenda kusema, mmoja wao abaki na akili. Tangu alipofariki, skuta haikuwa imetoka nje ya lango.

Sheria ya River Road inasema usisifu unachokitaka. Kwa hiyo niliizunguka, nikafyonza meno, nikatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha mbaya. Maneno nilikuwa nayo, nimeyasoma kwenye majarida ya magari ambayo kurasa zake tulifungia kadi za wateja. Nikasema matairi yamepasuka pembeni kwa kusimama muda mrefu, na tairi la namna hiyo linaweza kumtupa mtu kwenye lami iliyolowa.

Nilingoja abishe ndipo tuanze kuvutana bei. Hakubisha. Aliitikia kwa kichwa pole pole. "Kweli, fundi. Rudi Jumamosi."

Jumamosi nikarudi, matairi mapya. Nikajiambia, ndiyo Kalasinga huyo, ameyabadilisha kati ya chai na chakula cha mchana. Basi nikashika breki. Nikamweleza kwamba ukiteremka ile barabara ya Mai Mahiu, gari lingine linazuiwa na gia, lakini skuta haina gia ya kuishika, inategemea breki tu, kwa hiyo breki za safari si breki za kwenda kununua maziwa. Alisikiliza kama mtoto wa darasa la kwanza. Jumamosi iliyofuata breki zilikuwa mpya. Nikaenda kwenye betri. Betri ikawa mpya. Nikalalamikia upana wake, kwamba kwenye msongamano wa Waiyaki Way itakwama katikati ya malori kama mfupa kooni. Hapo alikiri kwamba upana hawezi kuupunguza.

Siku moja nilipanda nikaushika usukani, nikaona kasoro ya kweli kabisa, ambayo hata sikuitafuta. Vioo vya pembeni vilionyesha viwiko vyangu tu. Hata nivipindue vipi, ni viwiko tu. Barabara nzima nyuma yangu haikuwepo.

Mzee alicheka hadi akalishika goti. Alisema ndivyo vilivyokuwa tangu zamani. "Mimi sikuvitumia kamwe. Ravneet ndiye aliyekuwa akiangalia nyuma."

Baada ya kila ukaguzi tulikunywa chai, naye alinieleza miamba ya Bonde la Ufa, jinsi nchi ilivyopasuka ikashuka, nami nikamweleza watu wanaorudisha kadi za harusi kwa sababu bwana harusi amebadilika. Jumamosi ya kwanza tuliinywa kwenye makochi. Iliyofuata makochi yalikuwa yameondoka, tukakaa kwenye viti vya mezani. Kisha meza ikaenda, tukaweka vikombe sakafuni. Mwishowe tukakaa kwenye ngazi za nyuma, na kupitia mlango niliona sebule tupu, godoro moja na redio. Sikuuliza. Alinieleza mwenyewe. Nyumba ilikuwa imeshauzwa, na binti yake Jaspreet, aliye Leicester, alikuwa amemlipia nauli ya ndege na kumwandalia chumba. Kilichobaki ni skuta. Alimwambia Jaspreet hawezi kuondoka mpaka fundi aseme iko sawa, kwa sababu hawezi kumpa mtoto wa mwenzake kitu kitakachomuua kwenye mteremko.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi. Nikisema iko sawa, skuta ni yangu, na mzee anapanda ndege. Nikipata kasoro nyingine, tuna Jumamosi nyingine. Niliitaka ile skuta kuliko kitu chochote. Lakini Ijumaa jioni nilijikuta nimelala nikiwaza si skuta, bali kasoro. Kasoro ilikuwa nauli yangu ya kwenda Loresho.

Zilipoanza kuniishia, nikasema hatujaijaribu barabarani. Akasema twende wote, atakaa nyuma, kwa vile goti halikumruhusu kuushikilia uzito wa mbele. Nikavaa helmeti ya Ravneet. Ilinibana mashavu mpaka nikawa naongea kama samaki. Tulipita lango, Oyoo akatupigia saluti, tukavuka Waiyaki Way tukashika barabara ya James Gichuru kuelekea Lavington. Skuta ilikwenda kama inateleza juu ya mafuta. Kila nilipovitazama vile vioo niliona viwiko vyangu, na kwenye pembe, ncha ya kilemba cha rangi ya mawingu ikipepea. Mzee aliniambia sikioni nani yuko nyuma yetu: lori, sasa gari dogo, sasa hakuna, pita.

Lavington aliniomba nisimame mahali ambapo vilima vya Ngong vinaonekana katikati ya mapaa. Nikaiegemeza skuta kwa stendi ya pembeni. Nyumbani yeye huiweka daima kwenye stendi ya katikati, lakini ile inataka nguvu na mimi nilikuwa nikijionyesha. Akanifundisha jinsi vilima vile vilivyotokea, mkono ukichora hewani. Tukarudi kwenye skuta, nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya cha makaburini.

Nikashuka, nikasogea kando kwa heshima, nikampisha. Naye akasogea kando kwa heshima, akanipisha.

Tulisimama hivyo. Ukuta huku, ukuta kule, mlinzi mmoja akituchungulia kwenye tundu la geti. Nilimngoja mzee akunje mikono ya shati. Yeye aliniangalia mikono. Nikakohoa. Akakohoa. Nikaona labda anataka aombwe, kwa kuwa watu wazima hupenda kuombwa.

"Mzee," nikasema, "si uiangalie?"

"Niiangalie nini? Wewe ndiye fundi."

"Mimi ni fundi wa kadi za harusi."

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama yeye si Kalasinga.

"Nimefundisha Jiografia maisha yangu yote," akasema. "Sijui hata mafuta yanatiwa wapi. Ravneet ndiye aliyejua."

Kwa yale matairi, breki na betri, skuta ilikuwa ikibebwa kwa pikapu hadi gereji Kirinyaga Road, na huko alikuwa akiwaambia kwa fahari kwamba fundi wake ameagiza. Nilianza mimi kucheka, au alianza yeye. Mlinzi alifunga tundu lake. Tulicheka mpaka mzee akakaa kwenye ukingo wa barabara akifuta macho kwa mkia wa kilemba, na alipomaliza kuyafuta aliendelea kuyafuta.

Nikaikunja stendi tukaanza kusukuma, yeye akiegemea zaidi ya kusukuma. Tulipofika kwenye kivuli nikabonyeza kitufe kwa kukata tamaa, ikanguruma kama iliyokuwa imelala tu. Hatukujua kwa nini. Tulipanda haraka kabla haijabadilisha mawazo.

Tuliporudi Loresho simu yake ililia, naye akaongea Kipunjabi akiwa amenipa mgongo. Sikuelewa neno, ila nilisikia mtu wa upande wa pili akilia. Mzee alirudia neno lile lile, pole pole, kama anayembembeleza mtoto. Kisha akaja kukaa kwenye ngazi. Hakukuwa na chai. Hata sufuria ilikuwa imeondoka na mnunuzi, sijui nani. Nililitazama lile godoro sakafuni. Nikafikiri, huyu mzee analala chini kwa sababu ya kasoro zangu.

"Kwa hiyo, fundi," akasema, na hakuacha kuniita hivyo, "imegoma kuwaka Lavington. Hiyo ni kasoro kubwa. Tunaipeleka gereji, au siyo? Jumamosi ijayo."

Aliniwekea mezani kabisa, kama kungekuwa na meza. Nilikuwa na haki ya kusema ndiyo. Ilikuwa imegoma kweli.

"Haina kasoro, mzee," nikasema. "Iko sawa. Nenda kwa Jaspreet."

Alilitazama goti lake, kisha akaingia ndani akaniletea funguo.

Nilipokuwa natoka aliniomba apande mpaka langoni. Si mbali, ni mwendo wa kumaliza salamu. Alipanda. Kwenye kioo niliona ncha ya kilemba. Akasema sikioni, nyuma hakuna mtu, endelea.

Wiki iliyofuata niliiegemeza mbele ya duka River Road kwa stendi ya pembeni, wenzangu wakaizunguka wakifyonza meno. Jioni nikabonyeza kitufe. Kimya. Macharia, mwenye duka, akasema Kalasinga amenipiga. Nikazunguka, nikainama, nikaikunja stendi ili niisukume, nikabonyeza tu bila sababu, ikawaka. Nikaishusha stendi, ikazima. Nikaipandisha, nikabonyeza, ikawaka. Wajapani hao hawataki mtu aondoke huku stendi imening'inia, basi. Hakuna kilichowahi kuharibika. Tungesimama pale Lavington mpaka leo tukipishana kwa heshima.

Nilicheka peke yangu katikati ya River Road, mikokoteni ikinipita. Macharia aliniuliza ninacheka nini, nikaanza kumweleza, nikaona nianzie kwa Ravneet, na Ngong, na Kijaluo, nikaacha.

Jumamosi nilikwenda Loresho. Nilijua, lakini nilikwenda. Oyoo alikuwa langoni na sare mpya ya wenye nyumba wapya. Alisema mzee aliondoka Jumanne, na kwamba yeye ndiye aliyemsindikiza uwanja wa ndege. Nikamweleza Oyoo habari ya stendi, tangu mwanzo hadi mwisho, na mikono yangu nikichora hewani. Alisikiliza vizuri sana.

"Sasa," akasema, "si uwe unaikunja tu hiyo stendi?"

Nikamwambia ndiyo, nitakuwa naikunja. Nikaikunja, nikawasha, nikashuka na barabara kuelekea Waiyaki Way. Nilitaka kugeuka kushoto, nikavitazama vioo kuona kama kuna gari. Viwiko viwili, vyote vyangu.